Pima Moja Uliyoifungia Leso

Zena, shoga yangu,

Kabla ya salamu, nina ugomvi na wewe. Mtu anayejua anaondoka huagiza mambo yake: huyu apewe sufuria, yule asamehewe, watoto wasigombane. Wewe uliagiza yote hayo, hata yule kuku wako kiguru ulimtafutia mlezi. Lakini lile neno moja nililolihitaji mimi hukulisema. Umenitesa majuma matatu ziwani nikivua magugu. Nimekusamehe juzijuzi tu, tena nimekusamehe nikicheka, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Sasa salamu. Assalamu alaykum, wewe uliyetutangulia. Sisi wa huku ni wazima. Hooyo, mama yangu, magoti bado yanamuuma na mdomo bado haumuumi. Kuku wako kiguru ametotoa sita. Mvua imenyesha vizuri, upande wetu wa Masalani majani yamefika magotini, na lile ziwa ambalo mto uliliacha ulipobadili njia limejaa mpaka kwenye matete. Ungeliona ungeanza kupiga kelele ukiwa mbali, kama ulivyozoea.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokutania, wewe ukitoka kwenye Kipokomo chako na mimi kwenye Kisomali changu. Ulikuwa hukosi kunicheka. "Sema pilipili, Shukri," na mimi nasema "bilibili", nawe unashika mbavu mpaka mtumbwi unaingiza maji. Kwenye karatasi hunipati. Pe zangu zote zimekaa mahali pake, hata mwalimu wangu wa darasa la nne angejivuna.

Siku ya arobaini yako ilipokwisha, kaka yako Buya alikuja kwangu. Alikaa akaiweka kofia yake magotini na kuishika kwa mikono miwili, nami nikajua kuna neno, maana unajua Buya akishika kofia. Akasema, "Dada Shukri, mimi sina ubaya na wewe. Lakini mtumbwi ni wa marehemu baba yetu, na sasa umekaa tu. Pale kivukoni watu wanataka kuvushwa kila siku." Sikuweza kumkasirikia, alikuwa anasema kweli. Nilimwomba muda niujaribu wavu wetu mpya. Akanipa mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Kama kufikia siku hiyo wavu haujaonyesha kitu, auchukue mtumbwi, na mimi nirudi kuuza chai sokoni.

Kuuza chai, Zena! Wewe ulinikuta kwenye hiyo chai, ukaionja, ukaniambia bora nijifunze kuvua. Tangu ukame umalize ng'ombe wetu sijapata kazi nyingine ya kuniamsha asubuhi nikiwa na hamu. Na nikuambie lililo kweli: ndani ya mtumbwi ule bado nakusikia. Kwingine kote kumenyamaza. Kwa hiyo siyo samaki peke yao niliokuwa nawapigania.

Unaikumbuka siku tuliyoununua wavu? Mimi naikumbuka kila nikiwa na huzuni, na huzuni yenyewe inakimbia. Tulikuwa tumekwenda Garissa kwa ajili ya hospitali yako, jua linachoma, na daktari alikuwa amekuambia ukapumzike. Ulitoka pale ukaniambia, "Amesema nipumzike, hakusema wapi," ukanivuta mkono mpaka kwenye duka la nyavu. Yule muuzaji, Msomali mwenzangu, alinitazama buibui langu, akatazama uso wangu, akaniambia, "Walaal, dada yangu, wewe na nyavu wabi na wabi? Kamba ya ngamia iko duka ile ingine." Nilitaka ardhi inimeze. Watu wangu, mtu akinuka samaki, wanamhurumia kama aliyefilisika. Wewe ukamjibu, "Huyu ngamia wake wako majini. Tuonyeshe mali."

Akatoa wavu mweupe. Ukasema huo ni wa kuvulia maji ya chupa, si maji ya Tana, tunataka wa rangi ya tope. Akatoa ule wa uzi mmoja wa plastiki unaong'aa, ule uliokatazwa, akauinua kwa vidole viwili kuonyesha wepesi wake. Uliurudisha bila hata kuupima. "Huu ukikatikia majini unaendelea kuua na mwenyewe hayupo," ukasema. Muuzaji akaanza kukuheshimu hapo. Ndipo alipoingia ndani akatoka na ule wa kuta tatu.

Mimi nilikuwa sijauona maishani. Tulizoea wavu wa ukuta mmoja, samaki akiwa mkubwa kuliko jicho anarudi, akiwa mdogo anapita, na wa katikati ndiye wetu. Huu ulikuwa na kuta mbili za nje zenye macho makubwa, ulipitisha ngumi yako bila kugusa uzi, na katikati yake ukuta wa tatu wa macho madogo. Uliingiza vidole vitatu kwenye jicho dogo, ukasema wa chini ya hapo ni watoto, waende wakakue. Kisha ukauchukua wavu wote mpaka mlangoni, ukauinua juani, ukafumba jicho moja. Watu wa barabarani wakasimama. Ulikuwa unaangalia kama macho ya ukuta wa mbele yanaelekeana na ya ukuta wa nyuma, dirisha kwa dirisha. Yalielekeana. Ukatabasamu tabasamu lile la mtoto aliyepewa sukari, na mimi nikasahau tulikuja Garissa kwa ajili ya nini.

Kitu kimoja nilikiona na sikukuuliza. Ule ukuta wa katikati ulikuwa mrefu kuliko wenzake, umejikunja kunja humo ndani. Nilidhani tumepewa ziada. Nikafurahi moyoni, nikanyamaza, nisije nikamshtua muuzaji akaikata. Umesikia, Zena? Nilinyamaza ili tusidaiwe ziada.

Nyumbani ulianza kuufunga kwenye kamba wewe mwenyewe. Nilikukatia maboya kutoka kwenye ndara kuukuu za mtaa mzima, nikakufinyangia chubwi za udongo na kuzichoma, maana wavu usio na uzito chini unaelea. Mkono wako wakati huo ulikuwa umekonda, hata kikombe ulikishika kwa mikono miwili. Ulifunga pima nane kati ya ishirini. Jioni ile ulichana ukingo wa leso yako ya zambarau ukaufunga kwenye kamba, mwisho wa pima ya nane, ukaniambia, "Nimefika hapa. Kesho tuendelee. Nyingine zifuate hizi." Kesho yake ulishindwa kuinuka. Na keshokutwa yake, shoga, tukawa tunakusomea.

Nililia kwa muda mrefu, hilo sitaki kulieleza. Nilipomaliza kulia nikaushika wavu. Nilifunga zile pima kumi na mbili zilizobaki kwa namna niliyofundishwa na Hooyo tangu nikiwa na miaka saba. Unajua sisi tunajenga nyumba ya fito na mikeka, tukihama tunaibomoa na kuifunga juu ya ngamia, na kazi hiyo yote ni ya wanawake. Kamba ikilegea, mzigo unapinduka njiani, ngamia anashtuka, vyombo vinavunjika, na jina linaloharibika ni la mwanamke aliyefunga. Nilipigwa makofi kwa kamba kulegea. Basi nilizivuta kuta zote tatu pamoja, sawasawa, mpaka ukizipiga kidole zinalia. Ile ziada ya katikati nikaiviringisha mwishoni, nikaifunga vizuri, nikasema itatufaa kwa viraka.

Halafu nikatazama zile pima nane zako.

Zilikuwa zimelegea. Ukuta wa katikati unaning'inia mule ndani kama nguo kubwa kwa mwili mdogo. Niliziweka karibu na zangu, moyo ukaniuma. Nikasema, maskini Zena, nguvu zilikuwa zimemwisha, na mimi nilikaa pale nikimtazama sikuona. Nikasema watu hawatauona wavu huu wakasema kazi ya mwisho ya Zena ilikuwa ya ovyo. Nikazifungua. Nilikuwa nalia na kufungua, nalia na kukaza, nikijua kabisa nakufanyia wema. Nilifungua saba. Ya nane ilikuwa na leso yako, na mkono wangu haukukubali. Nikaiacha vilevile na ulegevu wake.

Unacheka huko uliko, najua. Subiri.

Juma la kwanza nilitega mara tatu kwenye mdomo wa matete, pale pako. Nilipata perege mmoja. Alikuwa amenasa penye leso. Nilimtoa machozi yakinitoka, nikasema Zena amenitumia salamu. Juma la pili kambare wawili, wote wawili penye leso. Nikamweleza Hooyo, akasema hiyo ni baraka ya marehemu, tusome dua. Tukasoma. Juma la tatu perege watatu wamebanana penye leso, na pima kumi na tisa zangu ni safi, hakuna hata gamba. Buya alikuwa akipita ufukoni, anatazama ndoo yangu, anatazama angani kama mtu anayehesabu siku za mwezi, anakwenda zake. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Asubuhi ile nilikaa mtumbwini nimekasirika. Nilikukasirikia wewe, nisikufiche. Nikasema kama ni baraka, mbona ni ya pima moja tu, ulikuwa mchoyo lini? Nikakunja ngumi, nikaupiga wavu pale mkononi mwangu, kwenye pima zangu. Ngumi iligonga uzi ikarudi. Nikapiga tena, ikarudi tena. Wavu wangu ulikuwa ukuta kweli, samaki akiugusa anajua hapa pamefungwa, anageuza njia.

Ndipo nikaipeleka ngumi kwenye pima yako, vivi hivi, kwa hasira tu. Iliingia kwenye jicho kubwa. Ikaukuta ule ukuta wa katikati uliolegea, ukakubali, ukaja nayo. Ikatokea upande wa pili kwenye jicho kubwa jingine, dirisha kwa dirisha, imevaa wavu mdogo kama mfuko. Nikavuta mkono kutoka. Haukutoka. Mfuko ulikuwa umejifunga wenyewe kwenye kifundo.

Nilikaa hivyo, Zena. Mkono wangu umeshikwa, na mshikaji ni wewe. Niliielewa kazi yako yote kwa mara moja: ziada ile haikuwa ziada, na ulegevu ule haukuwa ugonjwa. Mikono yako ilikuwa mizima mpaka saa ya mwisho. Ulikuwa unajua unachokifanya kila fundo, na mimi shoga yako nikakuonea huruma, nikakusahihisha! Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka ndege wa matete wakaruka, nikacheka mpaka maji yakaingia mtumbwini kama zamani. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha mbuzi ng'ambo aliniuliza kama niko salama. Nikamjibu niko salama, nimekamatwa tu.

Siku nne tulizifungua pima kumi na tisa na kuzifunga upya, mimi na Hooyo. Laiti ungemwona. Kila nilipolegeza alishika kichwa. "Hii aibu gani, mwanangu? Watu watasema binti wa nani amefunga hivi?" Nikamwambia watasema binti wa Zena. Akaomba apewe mfano, nikamwekea pima yako mapajani. Aliipima mikunjo yako kwa vidole, fundo baada ya fundo, kisha akasema kwa Kisomali kwamba mtu huyu hakuwa akilegeza, alikuwa akigawa kwa kipimo. Baada ya hapo alifunga kuliko mimi. Lile viringe la viraka nililijutia kila nilipolikunjua, na lote likaingia mahali pake, hakikubaki hata kipande cha kufungia mfuko wa chumvi.

Zikabaki siku tatu. Nikamwita Buya aje kushika upondo, maana nilitaka aone kwa macho yake. Alikuja na kofia yake. Tuliangalia mamba kwanza, kama sheria yako, tukauzungusha wavu mbele ya matete, maboya ya ndara yakakaa juu, mekundu na ya bluu. Akauliza sasa tunangoja mpaka lini. Nikamwambia hatungoji. Samaki wamo kwenye matete, na kuwatoa huko ni kazi ninayoijua.

Hilo ndilo wewe ulikuwa ukinisifia siku zote, kwamba mimi sivui, nachunga. Nilichukua fimbo ya baba yangu, ile ya ng'ombe, nikapiga maji nyuma ya matete, pa, pa, polepole, upande huu kisha ule, nikipiga mluzi ule wa kuwatoa ng'ombe kichakani. Buya alidhani nimechanganyikiwa. Nilisogea nikipiga, sikuwabana, niliwaachia njia moja tu ya kupita. Boya la kwanza likazama. Likaibuka. Lile la pili yake likazama. Kisha maboya yakaanza kuzama huku na huku, Buya akasimama wima mtumbwini, nikamfokea akae chini tusipinduke, akakaa, akasimama tena.

Kuvuta tulivuta wote wawili. Perege, kambare, perege, kila mmoja kwenye mfuko wake aliojishonea mwenyewe, pima ya kwanza mpaka ya ishirini. Wadogo walikuwa wamepita, hata mmoja hakunasa. Na ile yako ya nane ilikuwa na kambare mkubwa kuliko wote, bila shaka, hukosi kujionyesha. Buya alipoifikia leso aliishika. Aliipangusa tope kwa kidole gumba, nami sikumtazama. Baadaye akasema, "Dada yangu alikuwa na mkono," na sauti yake haikuwa ya Buya. Kofia yake tuliikuta imeelea karibu na boya. Hakujua imemtoka saa ngapi.

Samaki wa kwanza walikwenda nyumbani kwako, kwa watoto, na wengine tukawagawia majirani kwa jina lako. Kambare wako nilimpika kwangu na ndimu na pilipili. Hooyo, ambaye kwa umri wake wote hajatia samaki kinywani, aliomba mchuzi. Mchuzi tu, akasema, mchuzi si samaki. Akamaliza bakuli, akaomba mchuzi mwingine, na safari hii akasema nisiuchuje sana.

Leo jioni watu watautafuta mwezi. Buya hakuniambia lolote tangu siku ile, na mimi niliogopa kumuuliza. Asubuhi nilikwenda ufukoni kwake kuomba mtumbwi kama kila siku, nikakuta kigingi chake hakina kitu. Nilirudi kwa njia ya chini, ile inayopita nyuma ya nyumba yangu, sitaki watu wanione. Na huko nyuma ya nyumba yangu, kwenye gogo ninapofulia, ndipo nilipoukuta. Umezibwa ule ufa wa zamani kwa lami mbichi, upondo umelala ndani, na kamba imefungwa kwenye gogo langu kwa fundo la kwenu.

Basi nimekaa humo ndani sasa, ndimo ninamokuandikia. Nina deni la ahadi kwako. Pima ya nane haitafunguliwa nikiwa hai. Panya wakiitafuna nitaishona jicho kwa jicho, na leso yako ikioza nitachana ya kwangu. Binti zako wakitaka kujifunza, nitawawekea mapajani kama nilivyomwekea Hooyo, na nitawaambia kwa mdomo, Zena, kwa mdomo, lile neno ambalo hukuniambia. Na kila nikiuteremsha wavu, nitaanza penye leso, nitaingiza ngumi yangu kabla ya samaki yeyote. Ukiwa na salamu, nishike.

Mungu akupe kivuli na maji mengi.

Shukri, mwenye bilibili zake